Bwana Msa na dadu: kwa nini Akili 18 haimtoshi



Kabla hamjanicheka, wacha nikiri mwenyewe. Mie mtu wa miaka hamsini na kitu, mwalimu wa chuo kikuu, nimekaa mezani Jumamosi tatu mfululizo na watoto wa sekondari nikitupa dadu. Mke wangu alipita, akanitazama, akauliza kamari imehalalishwa lini nyumbani kwake. Nikamwambia hii si kamari, huu ni uhakiki wa fasihi. Hakuniamini, na simlaumu. Leo najaribu kuwaaminisha nyinyi.

Chanzo ni binti yangu. Ana miaka 16, amezaliwa huku huku Uingereza, na Kiswahili chake ni kile cha "Baba nimeshakula" na "Bibi hajambo". Anasikia kila kitu, anajibu kwa Kiingereza. Yeye na wenzake wana mchezo wao wa mezani, ule ambao kila mmoja anakuwa mhusika wa kubuni, mmoja wao anasimamia kisa, na mambo yenye shaka yanaamuliwa kwa dadu. Mama wa michezo hii ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mhusika ana karatasi yake, na juu ya karatasi kuna sifa sita zenye namba: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Hekima na Haiba. Kwa kanuni ya zamani unatupa dadu tatu kwa kila sifa, unajumlisha, unapata namba baina ya 3 na 18. Kuipata 18 ni bahati ya mara moja katika 216.

Basi wakakubaliana kwamba safari hii kila mmoja alete shujaa ampendaye kutoka kitabuni, amtengenezee karatasi, wacheze kisa cha upelelezi. Mmoja akamchukua Sherlock Holmes. Mwengine akachukua mchawi wa vitabu vya watoto ambaye nadhani hana haja ya kutajwa. Binti yangu akaja jikoni, akaniuliza, na safari hii kwa Kiswahili: "Baba, sisi tuna nani?"

Nyinyi mnaoishi ughaibuni mnalijua neno hilo "sisi" linavyochoma likitoka kwa mtoto kama huyo. Sikufikiri mara mbili. Nikamwambia: tuna Bwana Msa.

Kwa wale waliosoma zamani wakasahau: Bwana Msa ni mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mtu wa Makunduchi, Unguja, mwandishi wa magazeti. Riwaya ya mwanzo, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957–58, ikachapishwa 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Ana kiko chake mdomoni, ana rafiki yake Najum ubavuni, si askari polisi, na fumbo linalowashinda wengine yeye hulifumbua. Mie nilimsoma skuli miaka ya themanini, kitabu kikipita mkono kwa mkono mpaka jalada limebanduka.

Na miaka yote niliyofundisha nimekuwa nikiwaambia wanafunzi lile ambalo wengi wetu tunalisema: Bwana Msa ni Sherlock Holmes wa Unguja. Kiko, rafiki anayeshangaa, jicho lisilopitwa na kitu. Ni kweli kwamba Abdulla aliazima, hakuna anayebisha. Lakini nilipokaa kujaza ile karatasi ndipo nilipogundua kwamba sentensi ile nimekuwa nikiitumia ili nisifikiri zaidi.

Tuanze na karatasi ya kwanza. Nikampa Akili 18. Nikampa Hekima 16, Haiba 14, na hizo nyengine nikamwekea 10 au 11, wastani wa binadamu yeyote. Nikaridhika. Mchezo ukaanza: nyumba ya tajiri, maiti, sanduku limefunguliwa. Binti yangu, yaani Bwana Msa, akasema anakagua chumba. Msimamizi akamwambia tupa dadu ya pande ishirini. Ikaja 2. Msimamizi akasema: "Huoni kitu." Wakati huo huo yule mchawi wa kitoto, ambaye hata hakuwa anatafuta, akatupa 19 akaokota ufunguo chini ya zulia. Meza nzima ikacheka. Binti yangu akanigeukia: "Baba, mtu wako mjinga."

Niliumia, nakwambieni kweli, kama aliyetukaniwa mjomba wake.

Nikaanza kujitetea kwamba dadu haina adabu. Lakini usiku nikajiuliza swali la kihakiki khasa: mbona dhihaka ile haikumpata Holmes? Kijana aliyemchukua Holmes alikuwa na karatasi nzuri, imejaa, na hata alipotupa vibaya bado alibaki Holmes. Jibu nililipata kwenye kitabu chenyewe. Katika riwaya ya kwanza ya Arthur Conan Doyle, ya mwaka 1887, Watson anakaa na kuandika orodha ya vifungu 12 juu ya rafiki yake mpya: fasihi hajui kitu, falsafa hajui, elimu ya nyota hajui, siasa kidogo, kemia anajua kwa kina, fidla anapiga vizuri, ngumi na upanga hodari, sheria ya Kiingereza anaijua kwa matumizi. Jamani, hiyo ni nini kama si karatasi ya mhusika, miaka 87 kabla mchezo haujabuniwa? Holmes amezaliwa akiwa orodha. Umahiri wake ni mali yake binafsi, umo ndani ya ngozi yake, unahesabika. Mpeleke popote, uwezo wake anakwenda nao kama mkoba.

Nikachukua kalamu nikajaribu kumwandikia Najum orodha kama hiyo juu ya Bwana Msa. Kemia? Hapana. Fidla? Wapi! Aina za majivu ya tumbaku? Kiko anacho, lakini anavuta tu. Nilichojikuta naandika ni mambo ya namna nyengine kabisa: anajua nani ndugu wa nani. Anajua neno gani mtu wa shamba angelisema na mtu wa mjini asingelisema. Anajua kuuliza bila ya kuonekana anauliza. Anajua kunyamaza. Anajua lini mtu anasimulia na lini anapamba. Hivyo si vipaji vya kuchukuliwa mkobani. Mtoe Bwana Msa katika watu wake umpeleke mji asiomjua mtu, Akili 18 yake itakuwa kama nazi isiyo na mbuzi ya kukunia.

Na hapa nasema jambo kwa wenzangu wahakiki: sentensi ya "Holmes wa Unguja" imeangalia kiko ikasahau mazungumzo. Hebu fungueni tena riwaya yoyote ya Abdulla mtazame ni sehemu gani yenye uhai zaidi. Ni watu kukaa na kusemezana: utani, kukatizana, kujibizana kwa mafumbo, mtu kuanza kisa akazunguka nacho mpaka msomaji anataka kumshika shati. Mwalimu wa uandishi wa huku angesema punguza. Lakini huko ndiko upelelezi uliko. Ushahidi mkubwa katika riwaya hizi umo katika maneno ya watu, na maneno hayachunguzwi kwa kioo cha kukuzia.

Jumamosi ya pili tukabadilisha mchezo. Watoto wakaleta Call of Cthulhu, uliotungwa na Sandy Petersen na kutolewa na kampuni ya Chaosium mwaka 1981. Huu ni wa upelelezi kweli kweli: kila ujuzi una asilimia yake. Kuona kilichofichika, kusikiliza, kumsoma mtu, kumzuga mtu kwa maneno, kutumia maktaba. Nikafurahi. Nikampa Msa asilimia 75 za kumsoma mtu na 75 za kusikiliza. Kwenye "maktaba" nikasita. Katika mchezo huu maktaba ni kila kitu, siri zote zimo katika magazeti ya zamani na kumbukumbu za mahakama. Kwetu maktaba ina miguu: ni yule bibi anayekumbuka harusi ya mwaka gani ilivunjika, ni yule mzee wa barazani. Nikaufuta ule mstari nikaandika "kujua wa kumuuliza". Msimamizi, kijana muungwana, akakubali.

Lakini mchezo huu una jambo moja kubwa ambalo lilinifungua macho kuliko vitabu vingi vya nadharia nilivyosoma. Kila mhusika ana akiba ya nukta za akili timamu. Akikutana na mambo ya kutisha yasiyo ya dunia hii, anazipoteza, na zikimalizika anaingia wazimu. Ndiyo roho ya mchezo: mwanzo unadhani ni mauaji ya kawaida, kila ukichimba unaona chini yake kuna zimwi. Maelezo ya kibinadamu ni barakoa, na zimwi ndio uso.

Sasa geuza upande wa pili. Mzimu wa Watu wa Kale inaanzia pahala ambapo watu tayari wana maelezo: pale ni mzimuni, basi. Jina la Giningi nalo, aliyekulia kwetu akilisikia usiku anajua linaitia mawazo gani ya wachawi. Na Bwana Msa anafanya nini? Anafunua pazia la mzimu na nyuma yake yuko binadamu, ana tamaa yake, ana hesabu zake. Kwa Abdulla zimwi ndio barakoa, na mtu ndio uso. Mikataba miwili na msomaji, kila mmoja kinyume cha mwenzake. Bwana Msa hawezi kupoteza nukta za akili timamu kwa kuona jini, kwa sababu kazi yake khasa ni kutuonesha kwamba lililotokea hapo halikufanywa na jini. Na kwa upande mwengine, watu wanaomzunguka hawaingii wazimu kwa khabari za mizimu. Mizimu ni majirani wa zamani, mtu anawaogopa na bado kesho anakwenda shamba. Ile khofu ya kwamba dunia ina siri kuliko akili ya mtu, ambayo kwa mtunzi wa Kimarekani ni msiba, kwa bibi yangu ilikuwa ni Jumatatu.

Hapo nikamwambia msimamizi: ikiwa mwisho wa kisa chako kuna zimwi la kweli, umemuua Bwana Msa hata kama hakupigwa risasi. Akanijibu kwa adabu kwamba alishaliandaa zimwi lenyewe wiki nzima. Tukaliacha zimwi.

Tatizo la tatu ni la hesabu. Kisa cha upelelezi ni mnyororo. Ikiwa kumfikia mkosaji kunataka dalili tatu, na kila moja unaipata kwa asilimia 75, basi uwezekano wa kuzipata zote ni asilimia 42 tu. Yaani shujaa wako hodari anashindwa zaidi ya nusu ya mara. Riwaya haiwezi kuishi hivyo. Wenye michezo wameliona hilo. Robin Laws, katika mfumo wake uitwao GUMSHOE wa miaka ya 2000, aliamua hivi: mpelelezi mwenye ujuzi unaotakiwa, akifika pahala panapostahiki, dalili anapewa bila ya kutupa dadu. Kazi inayobaki ni kuifasiri. Hilo mie naliona ni uhakiki wa fasihi uliovaa nguo za mchezo, na ni uhakiki sahihi: mvutano wa hadithi ya upelelezi hauko katika kupata, uko katika kuelewa. Msomaji wa Abdulla naye dalili anapewa, imelala pale mbele ya macho katikati ya mzaha, anaipita.

Basi Jumamosi ya tatu tukatengeneza karatasi upya, na safari hii kalamu nilimpa binti yangu. Tukafuata njia ya Laws, lakini tukaongeza mambo mawili ya kwetu. La kwanza tuliliita Baraza. Bwana Msa hana namba ya Akili kabisa. Ana orodha ya watu: nani anamjua, nani ana deni la wema kwake, nani hasemi naye. Akitaka kujua jambo, lazima mchezaji aseme anakwenda kwa nani na anaanzaje mazungumzo. Akianza kwa pupa, bila ya salamu, bila ya kuuliza wagonjwa, anafungiwa mlango. Watoto wa Kiingereza walijifunza kuuliza hali za nyumbani kwa mtu kabla ya kumtaja maiti wake, na nakuhakikishieni kisa kilitembea vizuri zaidi.

La pili tuliliita Sitara. Kwa sababu tazameni yale ambayo Bwana Msa mara nyingi anayafukua: mirathi, ndoa, nani mwana wa nani. Kwetu sisi hizo ni siri zenye wenyewe, na zikimwagika haziwezi kuzoleka. Holmes akitatua amemaliza, anarudi kwake. Bwana Msa akitatua, kesho atakutana na watu hao hao msikitini na sokoni. Kwa hiyo tukampa nukta kumi za Sitara, na kila ukweli anaousema mbele ya watu bila ya haja unamla nukta. Unaweza kumpata muuaji ukabaki huna pa kukaa. Hii haimo katika karatasi yoyote ya michezo yao niliyoiona.

Na hapo ndipo Najum alipopata maana. Mwanzo hakuna aliyetaka kuwa Najum, nani anataka kuwa wa pili? Lakini katika Baraza, Najum ndiye anayeuliza swali la kipumbavu ambalo mtu mkubwa hawezi kuliuliza, na kwa swali hilo watu wanacheka, wanalegea, wanasema. Kijana aliyemchukua Najum ndiye aliyetuletea nusu ya dalili. Sijui kama Abdulla alilipanga hivyo, lakini nimerudi vitabuni nikamtazama Najum kwa jicho jengine.

Najua mtanipinga, na wacha nijipinge mwenyewe kwanza. Mtasema: bwana wee, umemgeuza Msa kuwa kamati! Katika riwaya ni yeye peke yake anayejua mwisho, Najum anaachwa gizani mpaka kurasa za mwisho, na ule ufundi wa kuficha ni wa Doyle mtupu. Kweli. Silifichi hilo, na pahala pengine karatasi yetu ilimsaliti kwa kumfanya mwema kuliko alivyo. Bwana Msa ana kiburi cha anayejua. Binti yangu mwenyewe aliliona, akauliza: "Kwani huyu hakosei?" Nikamuonesha jalada la kitabu cha 1984: Kosa la Bwana Msa. Akacheka, akaandika chini ya karatasi, kwa Kiswahili, kwa hati yake mbovu: "Anakosea, lakini hapendi."

Sentensi hiyo ningemtunuku alama za juu mwanafunzi wa shahada ya pili.

Kuna jengine lililonikera, nalo nalitua. Mwaka 1980 watengenezaji wa Dungeons & Dragons walitoa kitabu cha miungu na mashujaa, Deities & Demigods. Humo mna Wagiriki, Wahindi, Wachina, Wafini, King Arthur na watu wake, na hata mashujaa wa riwaya za kubuni. Kutoka Afrika mna Misri. Kusini ya Sahara, hamna hata mmoja. Fumo Liyongo angeingia humo bila ya taabu: nguvu za ajabu, silaha hazimuui, isipokuwa sindano ya shaba ya kitovuni. Kijumwa alikwishamtilia hayo utenzini mwaka 1913. Lakini sitaki tulalamike tu kwamba hatukualikwa. Liyongo angeingia kwa sababu amefanana na wao. Bwana Msa anakataa kuingia, na kukataa kwake kunatwambia zaidi juu yetu: kwamba tumeandika shujaa ambaye nguvu zake hazimo mwilini mwake.

Na hilo, ndugu zangu, ndilo linalonikosesha usingizi. Kama nguvu za Bwana Msa zimo katika kujua nani wa nani na neno gani lasemwa vipi, basi mtoto wangu, aliyezaliwa mbali na baraza lolote, anamrithi vipi? Nilidhani namrithisha shujaa. Kumbe shujaa huyu hawezi kuhamishwa bila ya watu wake na lugha yao.

Jibu sinalo kamili. Ninachojua ni kwamba Jumapili iliyopita alikuja na nakala yangu ya Mzimu, ile isiyo na jalada, akakaa. Anasoma ukurasa mmoja kwa nusu saa. Kila mstari anauliza: hili nini, hili nini. Pahala pengine nami sikulijua neno, tukampigia simu bibi yake Unguja. Bibi akaanza na salamu, akauliza wagonjwa, akazunguka na kisa cha jirani, dakika ishirini neno halijafika. Binti yangu akaziba simu kwa mkono, akaninong'oneza: "Baba, hili ndilo Baraza, sio?"

Ndilo.

Nawasilisha. Mwenye kukosoa akosoe, lakini aanze na salamu.